Kufua Bila Kuchafua

MWANAMAZINGIRA: Maji ya kufulia hayaishi yanapomwagwa. Katika nyumba nyingi za Mwanza, Musoma na Bukoba humwagwa uani, yakashika mtaro, na mtaro ukayafikisha Ziwa Victoria. Ziwa hilo lina mto mmoja tu unaotoka, Nile, pale Jinja nchini Uganda; kinachoingia humo hakitoki upesi. Ndiyo maana suala la kufua nyumbani bila kuumiza mazingira halina budi kuanzia kwenye sabuni. Sabuni ya unga ni mchanganyiko wa kemikali za viwandani. Sabuni ya mche hutokana na mafuta na soda kali, na vijidudu vya udongoni na majini huila na kuimaliza kwa muda mfupi. Kaya ikirudi kwenye mche, ikaongeza magadi, siki na mimea yenye povu, itakuwa imeondoa sehemu kubwa ya madhara.

MFUAJI: Irudi kwenye mche kwa maji yapi? Mche ukitiwa kwenye maji ya kisima cha Dodoma, au ya visima vya mwambao vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, povu halitoki. Kinachotoka ni utando mweupe unaonata, ule unaoganda kwenye kola za mashati na kuzunguka ukingo wa beseni. Mfuaji huongeza sabuni, kisha husuuza mara ya tatu na ya nne ili utando uondoke. Kila msuuzo ni ndoo ya lita 20 iliyonunuliwa na kubebwa kichwani. Sabuni ya unga ilipendwa kwa sababu inafanya kazi hata katika maji hayo. Anayemtaka mama aiache aseme pia nani atabeba ndoo zilizoongezeka.

MWALIMU WA KEMIA: Mama ana haki kuhusu visima, ila hoja yake haimfikii mtu wa Mwanza. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, na mche hupovuka ndani yake bila shida. Maji huitwa magumu yanapobeba kalisi na magnesi kwa wingi. Madini hayo huikamata sabuni kabla haijagusa uchafu, na utando ule mweupe ndio sabuni yenyewe iliyokwisha kuharibika. Kwa hiyo ushauri mmoja hauwezi kuenea nchi nzima: unaofaa ziwani unakwama Dodoma na Zanzibar.

Kwa maji magumu ipo njia ya zamani, na magadi aliyoyataja mwanamazingira yana kazi ya kweli hapo. Magadi ni kaboneti ya sodiamu iliyochanganyika na bikaboneti. Kaboneti huinasa kalisi na kuiangusha chini kama unga. Magadi yanayeyushwa kwanza katika maji kidogo na kuchujwa kwa kitambaa, kwa sababu yale ya sokoni huja na udongo wake, kisha yanatiwa kwenye ndoo na ndoo inaachwa itulie. Maji ya juu yakichotwa, mche utapovuka na ndoo za kusuuzia zitapungua. Sufu na hariri zisitiwe humo, maana huharibika, na mikono isuuzwe baada ya kazi. Magadi huchimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya, na kaboneti inayotokana na magadi ni kiambato cha kawaida cha sabuni za unga pia. Mpaka kati ya sabuni ya asili na sabuni ya kiwandani si mnene kama unavyoelezwa.

MTENGENEZA SABUNI: Mpaka huo haupo kabisa kwenye sabuni ya maji inayouzwa mitaani. Wanunuzi huiita ya kienyeji kwa kuwa imekorogwa uani, ndani ya pipa, kwa mwiko wa mti. Ndani yake mna asidi ya salfoniki, soda, chumvi ya kuifanya nzito, rangi na manukato. Asidi hiyo ya salfoniki ndiyo msingi wa sabuni nyingi za unga za viwandani. Tofauti iko kwingine. Pipa la mtaani kwa kawaida halitiwi fosfeti, na chupa yake ni ile ya maji ya kunywa iliyookotwa na kuoshwa, ikirudi kujazwa tena na tena. Pakiti ndogo ya unga hutumika siku moja ikatupwa. Kama kipimo ni taka za plastiki, mtengenezaji wa mtaani amemtangulia mwenye kiwanda.

Na mche nao usisifiwe bila kuulizwa mafuta yake yametoka wapi. Mawese ya Kigoma hupikwa sabuni palepale mkoani. Lakini mche mwingi wa Afrika Mashariki hutegemea mafuta ya mawese yaliyovuka bahari kutoka Malaysia na Indonesia, nchi ambazo misitu mikubwa ilifyekwa kupisha michikichi. Anayehesabu mazingira ya ziwa tu anauacha msitu nje ya hesabu.

MWANAMAZINGIRA: Hoja ya mawese ni nzito na haina jibu jepesi. Lakini salfoniki isipite hivi hivi. Katika miaka ya 1950 mito ya Ulaya na Marekani ilifunikwa na povu lililotokana na kemikali za namna hiyohiyo.

MWALIMU WA KEMIA: Namna hiyohiyo kwa jina, si kwa umbo. Kemikali ya miaka ile ilikuwa na mnyororo wenye matawi, na vijidudu vilishindwa kuukata. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961, na kufikia 1965 viwanda vya Marekani vilikuwa vimehamia kwenye mnyororo ulionyooka, ambao vijidudu huukata. Hiyo ndiyo salfoniki ya leo. Ila ina sharti moja ambalo miji yetu inalivunja kila siku: vijidudu vinavyoila vinahitaji hewa. Ikiingia kwenye udongo mkavu au mto unaokwenda kasi, huisha. Ikiingia kwenye mtaro uliotuama, wenye tope jeusi linalonuka, hubaki, maana harufu ile yenyewe ni dalili kwamba oksijeni imekwisha. Sabuni ileile inaweza kuwa na madhara madogo katika uwanja mmoja na makubwa katika uwanja wa pili.

MWANAMAZINGIRA: Basi mimea itumike. Yapo matunda na mizizi inayotoa povu, iliyofulia nguo karne nyingi kabla ya viwanda.

MWALIMU WA KEMIA: Mfano mkubwa wa mimea hiyo unatoka Ethiopia, na unapaswa kusikilizwa mpaka mwisho. Watu wa huko walifulia kwa matunda ya mmea uitwao endod, ambao huota pia Afrika Mashariki na kwa wataalamu wa mimea hujulikana kama Phytolacca dodecandra. Mwaka 1964 mtafiti wa nchi hiyo, Aklilu Lemma, alikuwa Adwa akichunguza ugonjwa wa kichocho. Aliona kwamba mahali watu walipofulia kwa endod, konokono waliokufa walikuwa wengi kuliko sehemu nyingine za mto. Konokono hao ndio wanaobeba vimelea vya kichocho. Uchunguzi huo ulizaa miaka mingi ya utafiti wa kuitumia endod kama dawa ya konokono, na mwaka 1989 Lemma alipewa Tuzo ya Right Livelihood.

Habari hiyo ni fahari ya sayansi ya Afrika. Lakini mwenye kutetea mimea aitazame upande wake wa pili. Kinachotoa povu katika endod ni saponini, na saponini iliyoua konokono huua samaki pia. Wavuvi wa sehemu nyingi duniani wamewahi kuponda mimea ya jamii hiyo ili kuwalewesha samaki. Kitu kutoka shambani hakipati ruhusa ya kumwagwa ziwani kwa sababu tu kilitoka shambani.

MFUAJI: Mwalimu aongeze na lile la siki, kwa sababu siku hizi wafuaji wanaambiwa wachanganye siki na magadi badala ya sabuni.

MWALIMU WA KEMIA: Mchanganyiko huo hububujika, na mbubujiko unapendeza macho, lakini ni asidi na alikali zinazomalizana. Kinachobaki ni maji yenye chumvi dhaifu, ambayo hayatoi mafuta wala jasho. Kila kimoja kina kazi yake peke yake: magadi hulainisha maji na kusaidia kuondoa mafuta, siki kidogo katika maji ya kusuuza huondoa ule utando wa sabuni. Na hapa kuna la kufa na kupona. Siki isikutane kamwe na jiki. Jiki ni haipokloriti ya sodiamu. Ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha inaweza kuua.

MWANAMAZINGIRA: Hayo ya siki yamekubalika. Lakini mtengeneza sabuni ametaja fosfeti na watu wakapita, ilhali ndiyo yenye ushahidi wa wazi. Fosfeti hutiwa kwenye sabuni ya unga ili kulainisha maji. Ikifika ziwani inakuwa mbolea. Mwaka 1973 watafiti wa Kanada waliligawa ziwa dogo la Ontario, lijulikanalo kama Ziwa 226, kwa pazia la plastiki. Pande zote mbili walitia kaboni na naitrojeni. Fosforasi waliitia upande mmoja tu. Upande huo uligeuka kijani kwa mwani na wa pili ukabaki safi, na picha iliyopigwa kutoka angani ilisaidia kubadili sheria. Tangu 30 Juni 2013 Umoja wa Ulaya hauruhusu sabuni ya kufulia nyumbani kuzidi nusu gramu ya fosforasi kwa fuo moja. Ziwa Victoria limeteseka kwa mwani na gugumaji miaka mingi. Kwa nini kaya iendelee kulilisha?

MFUAJI: Kwa sababu kaya haijaelezwa inachokilisha. Pakiti ndogo ya dukani mara nyingi husifia harufu ya maua na weupe wa shati, kiasi cha fosfeti hakitajwi. Tena beseni lisibebeshwe dhambi za shamba. Fosforasi ya Ziwa Victoria huingia pia na udongo unaomomonyoka mashambani, na vumbi na moshi unaoangushwa na mvua, na maji ya vyoo ya miji mikubwa. Mama akiacha sabuni ya unga kesho, gugumaji litakuwapo keshokutwa.

MWANAMAZINGIRA: Litakuwapo. Ila mmomonyoko wa milima utachukua kizazi kizima kuudhibiti, na fosfeti ya sabuni huondolewa kwa kubadilisha kiambato kimoja kiwandani. Zeolaiti huifanya kazi ileile, na nguo hutakata. Chanzo kidogo kinachozuilika kisisubiri kikubwa kisichozuilika upesi.

MFUAJI: Kama ni kiwandani, basi mzigo ni wa kiwanda na wa shirika la viwango. Mjadala ulianza kwa kumwagiza mama abadili sabuni yake, na sasa umefika ulipotakiwa kuanzia.

MTENGENEZA SABUNI: Hata hivyo mnunuzi ana sehemu yake, na sehemu hiyo ni povu. Sabuni isiyopovuka hainunuliwi. Mteja huitikisa chupa, asipoona povu huirudisha. Ndiyo maana pipa hutiwa kiambato cha kuongeza povu, ambacho huongeza usafi kidogo tu.

MWALIMU WA KEMIA: Ni kweli tupu. Kinachotoa uchafu ni chembe za sabuni zinazoshika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande wa pili. Povu ni hewa tu iliyonaswa. Sabuni ikizidi kipimo, uchafu hautoki zaidi, lakini maji ya kusuuza huongezeka. Vilevile ule weupe wenye ubuluu unaosifiwa: viung'arishi hubaki kwenye kitambaa, vikapokea mwanga wa jua usioonekana na kuurudisha kama mwanga wa buluu. Macho yanadanganyika, doa linabaki. Kinachosaidia kweli ni muda. Nguo iliyolowekwa kwa saa chache, doa likafikichwa kwa mche kabla ya kuloweka, inahitaji sabuni kidogo. Sabuni zenye vimeng'enya hukata damu, maziwa na mafuta katika maji ya uvuguvugu, bila kuchemsha.

MFUAJI: Wenye kubeba maji walijifunza hayo kabla ya vitabu. Fuo la nyumba isiyo na bomba huenda hivi: nguo nyeupe ndizo za kwanza kuingia kwenye maji ya sabuni, zinafuata kanga na nguo za rangi, mwisho suruali za kazi na matambara, povu lilelile. Beseni la pili ni la kusuuzia, la tatu ni la msuuzo wa mwisho. Beseni la pili likichafuka, la tatu linashuka nafasi yake na maji safi yanatiwa la tatu. Yale ya pili hayamwagwi: yanadeki sakafu, na yaliyobaki yanaingia chooni. Hakuna mashine inayobana maji namna hiyo. Wanaofua kwa kubonyeza kitufe ndio wangepaswa kuitwa kwanza kwenye mjadala huu.

FUNDI WA MASHINE: Waitwe, lakini kwa hesabu iliyo sawa. Mashine ya mlango wa mbele hutumia kwa kawaida takriban lita 50 kwa fuo moja, kiasi ambacho bomba lililoachwa wazi wakati wa kusuuza kwa mkono hukipita bila mtu kutambua. Ya mlango wa juu mara nyingi huvuka lita 100. Ile ya matangi mawili, inayopendwa kwa sababu ya bei, inafuata utaratibu wa mama neno kwa neno: povu moja kwa mafungu matatu, kisha kusuuza na kukamua pembeni.

Umeme nao hauliwi na mzunguko wa pipa. Unaliwa na kupasha maji. Kila lita huhitaji kilojuli 4.2 kupanda nyuzi moja. Lita 15 zikitoka nyuzi 25 hadi 60 zinataka kilojuli 2,205, karibu uniti 0.6 za LUKU. Zikiishia nyuzi 40 hazifiki uniti 0.3, zikiachwa baridi hazitaki kitu. Katika nchi zetu maji ya bomba hayana ubaridi wa Ulaya, kwa hiyo kitufe cha maji baridi kinatosha kwa nguo nyingi. Maji ya moto yabaki kwa nepi, mashuka ya mgonjwa na mataulo.

MWANAMAZINGIRA: Kuna kitu mashine na beseni vyote hukitoa, na hakionekani. Sweta, mablanketi na jezi nyingi za mitumba ni plastiki iliyosokotwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kwamba kilo sita za nguo za akriliki katika fuo moja la mashine huweza kuachia nyuzi zaidi ya 700,000. Nyuzi hizo haziozi. Maji baridi, mzunguko mfupi na pipa lililojaa hupunguza msuguano. Dawa iliyo rahisi zaidi ni kutofua kisichochafuka: sweta lililovaliwa asubuhi moja ya baridi hutundikwa likapigwa na upepo, likavaliwa tena.

MFUAJI: Hapo hakuna ubishi. Hata kukausha kusilete ubishi: kamba na jua havina bili, na miali ya jua huua vijidudu.

MWALIMU WA KEMIA: Kwa nyongeza ndogo. Yupo nzi wa Afrika anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini kwenye majani. Funza wake huingia kwenye ngozi ya mvaaji na kufanya jipu. Nguo ianikwe juani, juu ya kamba, ikauke kabisa. Iliyokaukia kivulini msimu wa mvua ipigwe pasi hadi kwenye mishono na mipira ya kiunoni, kwa sababu joto la pasi huua mayai. Umeme huo haujapotea bure.

MWANAMAZINGIRA: Yamebaki maji yenyewe, na hapa mfuaji hawezi kumwachia mwenye kiwanda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na bahari kuwa eneo la kulindwa. Kufulia ndani ya ziwa huku mtu amesimama majini ni kuharibu mara mbili: sabuni inaingia moja kwa moja, na vimelea vya kichocho vinaingia kwa mfuaji kupitia ngozi. Maji yachotwe, yabebwe, yatumike kufulia mbali, na yamwagwe kwenye udongo. Shimo lililojazwa mawe na kokoto, mchanga juu yake, huyapokea na kuyachuja. Migomba iliyopandwa kando yake hunywa yaliyobaki.

MWALIMU WA KEMIA: Udongo nao una kikomo. Mche, magadi na unga vyote vina sodiamu, na sodiamu ikizidi hugandamanisha udongo wa mfinyanzi mpaka maji yasipenye. Kwa hiyo sehemu ya kumwagia izungushwe, leo mgomba huu, kesho ule. Mvua nayo husaidia kuusafisha udongo. Mchicha na mboga nyingine za majani zisimwagiwe, hasa maji ya nepi. Maji yenye jiki yasiende kwenye shimo hilo, kwa kuwa yanaua vijidudu vilevile vinavyotegemewa kuimaliza sabuni.

MFUAJI: Shimo, kokoto, migomba: hayo ni ya mwenye kiwanja. Nyumba ya kupanga ina vyumba sita, familia sita na uani penye nafasi ya kamba mbili za nguo. Mpangaji haruhusiwi kuchimba hata shimo la mti. Akimwaga mtaroni anaambiwa mchafuzi, asipomwaga mtaroni anamwagia mlango wa jirani.

MWANAMAZINGIRA: Mpangaji anaweza kupunguza kipimo cha sabuni, na kuyatumia maji ya pili kabla ya kuyamwaga. Mengine yanamzidi, na kumlaumu hakulisaidii ziwa.

MFUAJI: Basi na yasemwe kwa wanaohusika. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya vyumba sita ajenge karo la kufulia lenye bomba la kupeleka maji kwenye shimo la kokoto. Halmashauri, inayokagua choo kabla ya nyumba kukaliwa, ikague na karo hilo. Na kiwanda kinachouza unga kandokando ya Ziwa Victoria kiandike kwenye pakiti, kwa Kiswahili, kiasi cha fosfeti kilichomo.